Umeongeza RAM na Kompyuta Haiioni: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Malipo ya korosho yakianza kuingia, malalamiko ni yale yale hapa Mtwara, na mafundi wenzangu wa Lindi, Masasi na Nachingwea wanayapokea pia: "Fundi, nimeweka RAM ya GB 8, mashine inasoma 3." Mwenye mashine ameshalipia RAM, ameshalipia kifurushi kwenye basi la kutoka Dar, na ameshaamini kwamba ameuziwa feki. Mara nyingi RAM yake ni nzima kabisa. Kinachomnyima ni aina ya Windows iliyomo ndani, na hakuna aliyemwambia hilo wakati anatoa pesa.

Ninachotaka kila msomaji aondoke nacho ni hiki: RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, haitumiki kwa sababu tu imechomekwa. Lazima prosesa iweze kuifikia, bodi iweze kuipangia nafasi, na mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, uweze kuihesabu. Mmoja wa hao akigoma, pesa yako imekaa bure kwenye sloti. Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachojirudia sana kinatangulia. Usichukue bisibisi kabla hujamaliza kuangalia skrini.

Soma mistari hii kabla ya yote

Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika msinfo32, kisha Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka tafuta mstari wa "System Type". Ukikuta x86-based PC, Windows yako ni ya biti 32. Ukikuta x64-based PC, ni ya biti 64. Shuka chini utaona "Installed Physical Memory", yaani RAM iliyochomekwa, na chini yake "Total Physical Memory", yaani ile ambayo Windows inaweza kuitumia. Andika namba zote mbili kwenye karatasi. Pengo lililopo kati yake ndilo tunalolitafutia chanzo.

Kwenye Windows 8.1 na 10 ipo njia fupi zaidi: bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties. Hapo utaona habari za prosesa pia. Maneno "32-bit operating system, x64-based processor" yana maana kwamba prosesa ina uwezo wa biti 64 ila mtu aliyepiga Windows aliweka ya biti 32. Mashine za namna hii ndizo nyingi kuliko zote mezani kwangu, na hazihitaji kununuliwa kitu chochote.

Kwa nini GB 4

Kila baiti ya RAM lazima iwe na namba yake ndipo mfumo uweze kuiandika au kuisoma. Mfumo wa biti 32 huandika namba hiyo kwa nafasi 32 za sifuri na moja, na namba zote zinazoweza kupatikana hapo ni 4,294,967,296, ambazo ni GB 4 kamili. Chukua karani wa ghala la korosho aliyepewa daftari lenye mistari ya idadi maalumu. Mstari wa mwisho ukishajaa, gunia linalofuata linaweza kuingizwa ghalani, lakini halina stakabadhi, na gunia lisilo na stakabadhi haliendi mnadani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaelezwi. Namba hizo hazigawiwi RAM peke yake. Kadi ya picha, BIOS (programu ndogo ya kwenye bodi inayoiwasha mashine), kadi ya mtandao na vifaa vingine vya kwenye bodi navyo vinahitaji namba, na hupewa zile za juu, karibu na ukomo wa GB 4. RAM iliyoangukia eneo hilo inakosa namba. Ndiyo maana mashine ya biti 32 yenye GB 4 haisomi 4. Kwa kawaida inaishia kati ya GB 2.75 na 3.5, na kadi ya picha ikiwa kubwa inashuka zaidi.

Mfumo wa biti 64 hauna tatizo hilo. Huko ukomo unaokukuta ni wa bodi yako au wa toleo la Windows, si wa hesabu ya namba.

DALILI YA KWANZA: Umeweka GB 4, 6 au 8, Windows inatumia 3 na kidogo

*Chanzo kikuu: Windows ni ya biti 32.* Mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, anayechapa mitihani ya shule, aliniletea mashine ya mezani yenye RAM mbili za GB 4. "Mwanangu, kijana wa Dar kaniibia," akasema. Tukafungua Properties pamoja: 8.00 GB, na pembeni yake 2.98 GB usable. Nikamwambia, "Hajakuibia, mama. RAM yako yote imo humu. Windows hii ndiyo haina namba za kuihesabia." Jioni aliondoka na mashine ile ile, RAM zile zile, Windows ya biti 64, na mstari ukasoma 7.88.

Windows zote za kawaida za biti 32, kuanzia XP hadi 10, ukomo wake ni GB 4, na hata hiyo 4 huipati yote. Ya 7 Starter ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukomo wake ni GB 2. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

Hakuna mpangilio wa kubofya utakaogeuza biti 32 kuwa 64, wala haisasishwi juu kwa juu. Lazima ipigwe upya. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Hakikisha prosesa inakubali biti 64. Core 2 Duo, Core i3, i5, i7 na karibu zote zilizokuja baadaye zinakubali. Core Duo isiyo na namba 2, Pentium M na Atom N270 hazikubali. Mashine hiyo iache na biti 32.

2. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha fungua baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine uone kweli zinafunguka. Diski ya C ikifutwa, imefutwa. Kwa mashine ya chama cha msingi yenye orodha ya wakulima na kilo walizopeleka ghalani, fanya nakala mbili na uziweke sehemu mbili.

3. Tafuta draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa) za biti 64 za printa, skana na kisoma alama za vidole kabla hujafuta chochote. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Printa kuukuu ambayo mtengenezaji wake hakuitolea draiva ya biti 64 itabaki pambo.

4. Uliza kama kuna programu ya zamani sana ya hesabu inayotegemewa ofisini. Programu za biti 16, zile za enzi ya DOS na Windows 3.1, hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Za biti 32 zinafunguka kama kawaida.

5. Piga Windows ya toleo lile lile. Kama ilikuwa Windows 10 Pro yenye leseni halali, weka Pro ya biti 64. Leseni ya toleo moja hufanya kazi kwa biti 32 na 64.

Usikubali mtu akuwekee kiraka cha mtandaoni kinachodai kufungua GB 4 kwenye Windows ya biti 32. Ni kweli ipo mbinu inayoitwa PAE, inayoipa prosesa namba za biti 36 na kufikia GB 64, na baadhi ya Windows za seva za biti 32 ziliitumia. Linux ya biti 32 yenye PAE huitumia pia. Ila Microsoft waliifungia kwenye Windows za nyumbani na ofisini kwa kuwa draiva nyingi zilivurugika zikikutana na namba zinazovuka GB 4. Viraka hivyo hugusa kiini chenyewe cha Windows. Utapata skrini ya bluu, na ukiwa na bahati mbaya zaidi utapata na kirusi.

*Chanzo cha pili: Windows ni ya biti 64, lakini kadi ya picha ya ndani imechukua sehemu.* Pengo la MB 100 au 200 ni la kawaida, usilihangaikie. Mashine nyingi zenye prosesa za AMD hutenga MB 512 au hata GB 2 kwa ajili ya picha. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, kisha Memory, usome "Hardware reserved". Ikiwa kubwa na wewe huchezi magemu wala huhariri video, ingia BIOS, tafuta "UMA Frame Buffer Size" na uipunguze. Hapo unarudishiwa kilicho chako.

*Chanzo cha tatu: tiki ya msconfig.* Hiki kinanikera, kwa sababu kinaenezwa kama ujanja wa kuongeza kasi. Mtu anaambiwa afungue msconfig, aende Boot, Advanced options, aweke tiki kwenye "Maximum memory" na kuandika namba. Kisanduku hicho hakiongezi kitu. Kazi yake ni kupunguza, kwa ajili ya watu wanaopima programu. Akiongeza RAM baadaye, ile namba ya zamani bado inaiziba. Toa tiki, OK, washa upya.

*Chanzo cha nne: BIOS haihamishi namba.* Bodi za zamani kidogo zina kipengele cha "Memory Remap Feature" au jina linalofanana na hilo. Kikiwa kimezimwa, hata Windows ya biti 64 inapoteza ile RAM iliyofunikwa na namba za vifaa. Kiwashe, hifadhi, toka.

*Chanzo cha tano: bodi yenyewe haiwezi.* Laptopu na mashine za mezani zenye chipseti za Intel za jamii ya 945 zinapokea GB 4 lakini hazina uwezo wa kuhamisha namba. Utaona takriban GB 3.2 hata ukipiga mfumo wa biti 64 wa aina gani. Mashine hizo bado zipo, hasa zile zilizoletwa shuleni kama msaada. Ziache na ulicho nacho.

DALILI YA PILI: Windows ni ya biti 64, umeongeza hadi GB 16, inagota 8 au 2

Angalia toleo kwanza. Windows 7 Home Basic ya biti 64 ina ukomo wa GB 8, Home Premium GB 16, Professional na Ultimate GB 192. Windows 10 Home ya biti 64 inafika GB 128, na Pro TB 2. Kwa hiyo mwenye Windows 10 ya biti 64 asilaumu toleo. Hakuna laptopu ya mtumba hapa mjini itakayolifikia.

Toleo likiwa sawa, kinachobaki ni bodi au prosesa. Laptopu ndogo zenye Atom N450 zina biti 64, lakini prosesa yake haivuki GB 2. Kwenye Windows 7 hadi 10 unaweza kufungua Command Prompt na kuandika *wmic memphysical get maxcapacity*. Jibu linakuja kwa kilobaiti. Gawanya kwa 1,048,576 upate GB. Usiliamini moja kwa moja, maana kuna BIOS zinazotoa jibu lisilo sahihi. Kinachoaminika ni mwongozo wa mtengenezaji kwa modeli yako kamili, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya laptopu.

Kuna na hili: baadhi ya bodi za DDR3 hazisomi kipande kimoja cha GB 8, ila zinasoma viwili vya GB 4 bila shida. Muuzaji akikubali, jaribu kwanza dukani.

DALILI YA TATU: RAM yote inaonekana, lakini Excel inasema kumbukumbu haitoshi

Hii inawachanganya watu wenye akili timamu kabisa. Task Manager inaonyesha GB 4 hazina kazi, na Excel inalia njaa. Chanzo chake ni kwamba programu nayo ina biti zake. Windows ya biti 64 hukubali programu za biti 32, lakini kila programu ya namna hiyo inabaki na kizuizi chake: GB 2, au GB 4 ikiwa mtengenezaji aliiandaa kutumia nafasi kubwa. RAM inayozidi hapo haiigusi hata ukiweka GB 32.

Kwenye Excel fungua File, Account, kisha About Excel. Mstari wa juu unasema 32-bit au 64-bit. Kwa programu nyingine, Task Manager ya Windows 10 huandika 32 bit kando ya jina.

Lakini kabla hujaondoa Office, chunguza faili lenyewe. Bonyeza Ctrl na End. Orodha yako ikiwa na wakulima 900 na kishale kikaruka hadi mstari wa 1,048,576, ambao ni wa mwisho kabisa kwenye Excel, basi kuna mtu alipaka rangi au kuweka mistari ya jedwali kwa safu nzima. Excel inabeba seli hizo zote tupu. Chagua mistari yote iliyo chini ya jina la mwisho, ifute kwa Delete ya kubofya kulia, hifadhi, funga na ufungue tena. Nimeona faili la malipo lililokuwa linagandisha mashine likifunguka papo hapo baada ya hapo, bila RAM mpya na bila Office mpya.

Tatizo likiendelea, ondoa Office ya biti 32 uweke ya 64. Haziwezi kukaa pamoja kwenye mashine moja. Kama ofisi inatumia makro za zamani, mwite aliyeziandika kabla ya kubadilisha. Baadhi zitagoma mpaka zirekebishwe.

DALILI YA NNE: Unataka kupiga biti 64, inakataa

Ukiwasha kwa flashi ukaona ujumbe kwamba prosesa haikubali biti 64, basi suala limeisha, prosesa ni ya biti 32. Ila soma jina la prosesa kwa uhakika kwanza.

Ukiendesha setup ya biti 64 ukiwa ndani ya Windows ya biti 32, itakataa kufunguka. Hiyo ni kawaida. Zima, washa kwa flashi.

Flashi isipoonekana kabisa kwenye tableti ndogo zinazogeuzwa laptopu, zenye Atom Z3735F, sababu ni ya ajabu kidogo: prosesa ina biti 64, lakini programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi ni ya biti 32, nayo haikubali kuwasha Windows ya biti 64. Prosesa hiyo yenyewe haivuki GB 2 za RAM, kwa hiyo hakuna unachokosa. Achana nayo.

Na wengine wanakwama mapema zaidi: faili la Windows ya biti 64 limeshuka salama, bando limekwisha, na flashi inakataa kulipokea ikidai faili ni kubwa mno wakati ina GB 16 tupu. Hilo halihusiani na RAM. Flashi imepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4. Ipange upya kwa NTFS au exFAT, ukijua kwamba vilivyomo vyote vitafutika. Kama ni flashi ya kuwashia, programu ya kutengenezea itaipanga yenyewe, usihangaike.

DALILI YA TANO: Umehamia biti 64, mashine imekuwa nzito kuliko mwanzo

Mashine ina GB 2? Basi ndiyo sababu. Kwenye mfumo wa biti 64 kila namba ya anwani inachukua baiti 8 badala ya 4, na Windows yenyewe inakula zaidi. Kiwango cha chini cha Windows 10 ni GB 1 kwa biti 32 na GB 2 kwa biti 64, na kiwango cha chini ni cha kuwaka tu, si cha kufanya kazi. Kwa GB 2 zisizoweza kuongezwa, ushauri wangu ni kubaki na biti 32 au kuweka Linux nyepesi. Usambazaji mwingi wa Linux umeshaacha biti 32. Hata Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi chake, hivyo tafuta toleo la 12.

Kwa GB 4, mimi huhamisha kwenda 64 bila kusita. Unarudishiwa karibu gigabaiti nzima iliyokuwa imefichwa, na unapata njia ya kusonga mbele, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na baada yake hakuna Windows mpya ya biti 32.

Mashine yenye GB 4 na biti 64 ikiendelea kuburuta, fungua Task Manager uangalie "Disk". Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, tatizo ni diski ya kuzunguka. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni polepole mno kwa kazi hiyo. Pesa uliyotaka kuongezea RAM ya pili nunulia SSD, diski isiyozunguka, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

DALILI YA SITA: Baada ya kuweka RAM, mashine haiwaki, inalia milio, au inaleta skrini ya bluu

Hapa biti za Windows hazihusiki, na mashine isiyowaka haijafika hata kwenye Windows. Zima, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM.

RAM ambayo haijakaa vizuri ndiyo inayoongoza. Kwenye laptopu, isukume ikiwa imeinama mpaka meno ya dhahabu yapotee karibu yote, kisha ibonyeze chini vibanio vilie. Kwenye ya mezani, ibonyeze pande zote mbili.

Kinachofuata huku pwani ni kutu. Mashine za Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko na Lindi mjini zinakaa kwenye upepo wa chumvi mwaka mzima, na meno ya RAM yanashika utando wa kijani au mweusi. Sugua taratibu kwa kifutio safi cha penseli, futa vumbi lake, malizia kwa kitambaa chenye pombe ya aisopropili. Si petroli, si mafuta ya taa. Sloti nayo ipulizwe vumbi. Newala na Tandahimba shida ni vumbi zaidi ya kutu.

Halafu aina. DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo sehemu tofauti. Ikigoma kuingia usilazimishe. DDR3 na DDR3L zinaingia sloti moja, lakini ya kwanza inahitaji volti 1.5 na ya pili 1.35. Laptopu nyingi za kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha nne zinataka DDR3L, na ukiweka DDR3 ya kawaida huenda isiwake kabisa.

Ikiwaka lakini inaleta skrini ya bluu, bonyeza Windows na R, andika mdsched, iache ipime. Pima kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwenye sloti ile ile. Kipande kinachotoa makosa kikiwa peke yake kirudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti.

Simama hapa, mwite fundi

Betri ya laptopu ikiwa imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiendelee kuchaji. Zima, chomoa charja, peleka.

Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi baada ya kuweka RAM, chomoa ukutani na usijaribu kuwasha tena "kuona kama imepona". Boksi la umeme la mashine ya mezani usilifungue hata likiwa limechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazoshika volti za kuua.

Kusasisha BIOS ili bodi isome RAM kubwa ni kazi ya fundi mwenye UPS inayoshikilia. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi inaweza isiwake tena, na umeme wetu unakatika bila hodi. Kwenye laptopu, betri iwe imejaa na charja imechomekwa, vinginevyo acha.

Diski ikiomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) baada ya kugusa BIOS, usipige Windows juu yake. Tafuta ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine au kwa msimamizi wa ofisi. Ukifuta, kazi zilizomo hazirudi.

Na kama mashine ina kumbukumbu za pekee za ofisi, chama au zahanati, na hakuna nakala, kazi ya kwanza ya fundi ni kutoa nakala. Fundi anayetaka kuanza kwa kupiga Windows, usimwachie mashine yako.

Unapokwenda kwake, nenda na ile karatasi: System Type, namba mbili za RAM, jina kamili la prosesa, modeli ya mashine, na toleo la Windows. Mwambie pia ulichobadilisha kabla tatizo halijaanza, hata kama ni tiki moja tu ya msconfig.